Hapa Mtoto Hauziwi

Mutale wangu,

Umekwenda uwanjani kuagana na wenzako wa mpira. Baba yako amejinyoosha kidogo kabla ya zamu yake ya reli. Mimi nimekaa kwenye mlango wa nyuma, ubao wa kukatia mboga juu ya magoti, jua bado lipo, naandika. Kesho alfajiri lori la jirani litakuchukua mpaka Mokambo, na mjomba wako Chola atakupokea ng'ambo ya mpaka, upande wa Waingereza, akupeleke Mufulira kwenye karakana yake ya useremala.

Habari za kufua shati, kuamkia watu na kutolala na viatu nimeziacha. Hizo nimekuimbia tangu ulipoanza kutembea, na kama hazikuingia, karatasi haitaziingiza. Naandika kwa Kiswahili cha masista, kile walichotufundisha pamoja na kushona. Chetu cha mtaa wetu wa Katuba nakijua kwa mdomo tu, kalamu inakikataa.

Nataka kukuandikia juu ya pombe. Najua utacheka. Mama mwenye kupika lutuku, pombe kali ya mahindi, anamwandikia mwanawe juu ya pombe! Cheka kwanza, umalize, halafu soma.

Kazi yangu siionei haya. Bati la nyumba hii lilitoka kwenye lile pipa la kupikia, na daftari zako, na lile jino la bandia la baba yako. Wakati wa Wabelgiji polisi walikuja hapa sijui mara ngapi. Walimwaga pombe chini, walipinda mrija wangu wa shaba, mara moja walinilaza kituoni nikiwa na mimba ya dada yako. Nilirudi nikanyoosha mrija, nikalowesha mahindi mengine. Mwanamke asiye na shule angefanya nini katika mji huu, angeuza nini ambacho kampuni haikuuza tayari? Kwa hiyo usinielewe vibaya. Siandiki hapa kama mtu aliyetubu. Nitapika tena.

Ninaloandika ni jambo moja tu: lutuku ni ya watu wazima, na tulisahau.

Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba sasa watoto wanywe. Ilikuja polepole. Uhuru ulikuja, halafu Katanga ikajitenga, ikapata bendera yake yenye misalaba ya shaba, na polisi wakapata mambo mengine ya kufanya kuliko kutafuta mapipa yetu. Tukayatoa vichakani, tukayaweka uani mchana kweupe. Mji ukajaa watu wa magwanda wenye mshahara mkononi. Halafu mapigano ya kwanza na askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa yalipoingia mjini, watu wakawa wanakunywa kwa woga. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Na nyinyi mlikuwa barabarani.

Njia yenyewe ya pombe kuwafikia ilikuwa chupa. Baba anarudi kazini, amechoka, anaita: wewe, chukua chupa, kimbia kwa Mama Mutale. Mtoto anakuja, tunamjazia, anarudi. Njiani anaonja. Siku nyingine anaonja zaidi, anajazia maji ya bomba. Siku moja mtoto wa jirani alirudi kwangu na chupa ileile, macho yanang'aa, anajaribu kusimama wima kama askari, na sisi wanawake tulicheka. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sikusahau kicheko kile, kwa sababu sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Na wewe nilikuonjesha mwenyewe. Ulikuwa mdogo, unanisaidia kusukuma kuni chini ya pipa, nikakuwekea tone kwenye kidole uone kama imekolea. Ukakunja uso, nikakusifu: huyu atakuwa mwanamume. Unakumbuka? Unakumbuka, maana uliwahi kunirudishia maneno yale siku tulipogombana.

Siku ulipoanguka, asubuhi, Kabwe alikuja na chupa ya baba yake. Kabwe yule niliyemnyonyesha pamoja nawe, mmoja kulia mmoja kushoto, mama yake alipolala na homa baada ya kumzaa. Nilimjazia chupa. Nikamwambia, "Umusalimie baba yako." Baba yake alikuwa kazini, wala hakumtuma. Sikuuliza. Kuuliza kungechukua muda gani?

Saa sita msichana mmoja alikuja mbio, "Mama Mutale, banamubeba Mutale!" Walikuwa wamekuokota nyuma ya ukuta wa shule. Kabwe alikuwa ametapika, na kutapika ndiko kulikomwokoa. Wewe hukutapika. Ulikuwa baridi, midomo imebadilika rangi, unapumua halafu unaacha, halafu unapumua. Baba yako alikuja na toroli ya jirani mfyatua matofali, ina vumbi jekundu mpaka kwenye mishikio. Tulikulaza humo. Yeye alisukuma, mimi nilikimbia kando nikikushikilia kichwa kilale upande, na njia nzima watu walisimama na kutazama. Wengi wao walikuwa wateja wangu.

Pale dispansari mwuguzi alikuwa mwembamba, mwenye miwani. Alikugeuza, alikufungua mdomo, alifanya aliyoyafanya. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Nani alimuuzishia mutoto huyu pombe?"

Mama Kabwe, aliyetufuata mbio, alitazama dirisha. Baba yako alitazama viatu vyake.

"Mimi," nilisema.

Aliinua kichwa, akanitazama, akarudi kwako. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Ningejitetea, mdomo ninao.

Ulipofumbua macho kesho yake ulisema una kiu. Nikakupa maji, nikaenda nje nikashika ukuta.

Na ulipopona nilikupiga. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu siku moja na wewe utakuwa na watoto. Nilikupiga kwa mwiko uleule wa kukorogea kimea cha lutuku, mpaka ukavunjika. Nilidhani nakufundisha. Wewe ulikwenda kulala kwa kina Kabwe siku kadhaa, na huko ulikunywa tena, safari hii si kwa kujaribu, ila ili nisikie kwamba umekunywa. Nilisikia. Baba yako, ambaye hasemi mengi, alisema, "Unamupiga juu ya kitu unauza?" Nilimrukia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa Kiswahili cha masista. Lakini alikuwa amesema kweli, na alijua, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Fimbo inatupendeza wazazi kwa sababu inaisha haraka. Unapiga, unachoka, unaona umefanya kazi. Ilinichukua wiki nzima kufanya kazi yenyewe, nayo ilikuwa kukuita uje tupukute mahindi, mimi na wewe, na kukuuliza bila hasira kwa nini mlikunywa.

Ulipukuta hindi zima. Halafu ulisema, "Baba ya Kabwe anasema mutu mwenye kunywa hasikie mizinga."

"Na kingine?"

"Hakuna mutu anatuuliza tunaenda wapi."

Ulikuwa unapukuta huku unasema, hata hukunitazama. Nilikuwa mama wa mtaa mzima, kila mtu ananiita mama, na mwanangu mwenyewe anasema hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

Siku ileile nilikwenda kwa Mama Kabwe. Nilimwambia kwamba kuanzia sasa mtoto hauziwi kwangu. Akija na chupa, arudi na chupa tupu, hata kama ametumwa na baba yake, hata kama ametumwa na padri.

Mama Kabwe alicheka. "Usipouzisha weye, atauzisha mwengine."

"Mwengine nani?"

"Mwengine tu."

"Mutaje jina."

Alianza kuhesabu wapishi wa lutuku wa mtaa wetu, akafika wa sita, akanyamaza, maana wa sita alikuwa yeye. Hapo ndipo nilipoona tulivyokuwa tunajificha. Huyo mwingine tuliyekuwa tunamsema kila siku alikuwa sisi wenyewe. Tulikuwa wanawake sita, tunajuana mpaka rangi ya kanga za ndani. Serikali gani tulikuwa tunaingoja?

Tulikutana kwa Mama Kabwe, tukagombana mchana mzima. Mama Mwape alisema watoto wake watakula nini. Mwingine alisema mimi nataka kuosha jina langu kwa mfuko wao. Nilimwambia ndiyo, nataka kuliosha, na yeye anisaidie kuchota maji. Mwishowe walikubali, nusu kwa aibu, nusu kwa kunichoka.

Jumapili ya kwanza ilikuwa vita. Watoto walikuja na chupa, wakarudi na chupa. Wanaume wa Katuba, waliokuwa wamezoea kuletewa pombe kitini, wakaanza kutoka milangoni mwao mmoja mmoja kama watu waliounguliwa na nyumba. Baba Kabwe alikuja na singlendi, kidole mbele.

"Juu ya nini unamurudisha mutoto yangu? Mi njo nilimutuma!"

"Sasa umefika mwenyewe. Karibu, ukae."

"Weye mwanamuke, utanifundisha kulea?"

"Apana. Nakufundisha kutembea."

Watu walicheka, na yeye alikasirika, akasema hatakanyaga tena kwangu. Alikaa wiki mbili, kisha akarudi. Nilisemwa kwenye kila bomba la maji. Walisema mwanangu nusura afe, sasa nataka wote wafunge kwa ajili yake. Walisema nimepewa fedha na masista. Niliwaacha waseme. Mtu aliyelazwa kituoni na mimba haogopi maneno ya bombani.

Mama Mwape ndiye aliyevunja mapatano kwanza. Tulisikia anauzia vijana nyuma ya choo chake. Hatukwenda kumtukana. Tulikwenda watano, tukaketi uani kwake na kazi zetu mikononi, huyu anafuma, huyu anachambua mchicha, tukakaa mpaka jua likapungua. Kijana akitokea, tunamwita kwa jina lake na kumuuliza mama yake hajambo. Nani atakunywa hapo? Kesho yake Mama Mwape alikuja kwangu, amenuna, akasema, "Basi. Nimechoka na sura zenu."

Na baba yako, Mutale, baba yako ambaye hajui hata mpira unapigwa kwa upande gani wa mguu, ndiye aliyesema kwamba kama tunawafungia mlango mmoja lazima tuwafungulie mwingine. Aliomba mpira kwa wenzake wa reli. Alisimama uwanjani kila Jumapili aliyokuwa hana zamu, anapuliza filimbi pasipostahili, na nyinyi mnamzomea. Sisi tulipika munkoyo, togwa letu la mahindi, ule mtamu ambao haujalala ukachacha, tukaleta ndoo nzima. Niliona watoto wanakunywa mpaka ndoo inakauka na hakuna anayeyumba. Moyo wangu ulifurahi, nakwambia, kuliko siku nilipoezeka bati.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Mwenye baa ya barabara ya lami anauza bia kwa mtoto yeyote mwenye sarafu mpaka leo. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alinikaribisha soda. Mara ya pili alimwita kijana wake anitoe nje, na nilitoka nikatembea katikati ya baa yake nikisema kwa sauti umri wa kila mtoto niliyemwona pale, maana wengine niliwapokea mimi walipozaliwa. Wanne waliinuka wakatoka nyuma yangu. Huyo bwana bado hatujamshinda. Bado.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile, ambayo hatukuizungumza tangu itokee, mimi na wewe.

Kabwe alikuwa amechukuliwa. Askari wa Katanga walipita na gari, wakasimama kwenye kona, wakawaambia vijana kuna mshahara, viatu na nyama. Aliyeuliza umri aliridhika na jibu la kwanza. Kabwe alisema kumi na nane. Alikuwa na kumi na tano kama wewe, na kifua kama cha kuku. Mama yake alilia, baba yake alikunywa, na baada ya miezi michache alirudi kwa ruhusa ya siku mbili, mikono ya gwanda imekunjwa mara tatu ili vidole vionekane, bunduki begani.

Ilikuwa mchana. Wateja wangu walikuwa wamekaa chini ya kivuli cha mkeka. Kabwe aliingia, na nyuma yake askari wawili watu wazima walibaki barabarani, wanacheka na kungoja. Nilijua wamemwambia kitu. Unajua wanaume wanavyomwambia mtoto aliye kati yao.

Aliketi, akaweka bunduki juu ya magoti. "Mama Mutale, unitilie kikombe."

"Uko na njaa? Bukari iko."

"Siombe bukari. Naomba lutuku."

"Kabwe, hapa mutoto hauziwi. Unajua."

"Siko mutoto tena." Aligonga bunduki kwa kiganja. "Unaona hii? Kama niko mukubwa ya kufa, niko mukubwa ya kunywa."

 Baba Mwape alishusha kikombe chake chini ya benchi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Na mimi, nikwambie kweli, sikulidharau. Ni neno zito. Nimeligeuza kichwani mara nyingi tangu siku ile, na hata leo naona ni watu wangapi wenye shule wangelikubali. Wangesema ana haki, mpe.

Nilisema, "Hauko mukubwa ya kufa pia. Wenye kukupa bunduki balikosa. Sitakosa pamoja nabo."

"Mama, batanicheka."

Alisema hivyo polepole, nisikie mimi tu. Na nilipotikisa kichwa, aliinuka, akageukia pipa, akapiga risasi.

Ulisikia mlio, ulikuwa ndani. Mimi nilikuwa hatua chache tu. Wateja walilala chini, kuku walipotea, lutuku ikaruka kutoka kwenye tundu kama maji ya bomba na kunilowesha miguu. Kabwe alikuwa ameshangaa kuliko sisi sote.  Nilikuwa na woga ambao sijawahi kuuona hata siku ya toroli, lakini woga huo uligeuka hasira, na mdomo wangu, unaujua, ukatangulia.

"Lingine iko nyuma ya nyumba," nilimwambia. "Enda ulipige na lile. Ukimaliza, ukuje ukule."

Hapo ndipo wewe ulipotoka. Nilitaka kukupigia kelele urudi ndani. Ulikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, mkono mmoja na ndakala, samaki wale wadogo wakavu, mkono mwingine. Ulipita mbele ya bunduki kana kwamba ni ufagio umeegemezwa, ukaweka sahani kwenye benchi, ukanawa, ukaanza kula upande mmoja. Hukumwambia neno. Ulimwachia tu upande wa pili.

Askari mmoja aliita kutoka barabarani, "Eh, mutoto! Unakunywa ao unanyonya?"

Kabwe alitazama barabara, akatazama sahani. Kisha alinawa mikono, bunduki imebanwa kwapani, akakata tonge. Alikula amesimama, haraka, kama mtu anayeiba. Alipomaliza alisema, "Pipa yako, Mama." Nikamwambia mrija haukupigwa, pipa nitaziba.

Mama yake alikuwa amefika mbio kwa kusikia risasi. Alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama mbele ya wale wawili, mwanamke mfupi vile, na kusema, "Huyu iko na miaka kumi na tano. Mi nilimuzala, najua." Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka. Alimshika Kabwe begani, wakaenda. Kama alikunywa huko mbele sijui, na sitajisifu kwa nisilolijua. Kwangu hakunywa.

Juma lile gari lilisimama tena kwenye kona. Safari hii waliuliza nyumba yenye kijana mrefu anayecheza golikipa. Ndiyo maana unaondoka, Mutale. Wenzako umewaambia unakwenda kujifunza useremala, na ni kweli, utajifunza. Lakini usije ukadhani huko mbeleni kwamba tulikuchoka, au kwamba ulikimbia. Mimi ndiye ninayekutoa. Akiuliza mtu nani mwoga, mwambie ni mama yako, na mwambie mahali ninapokaa, aje.

Huko Mufulira watakuwekea glasi mbele. Watu wa mgodini wakipokea mshahara, karakana haitakosa mtu wa kusema, haya fundi mdogo, leo uwe mwanamume. Sitaki uniahidi kitu. Nimeona watoto wengi wakiahidi, na ahadi ya mtoto mwenye aibu haina miguu. Siku ukiwa mtu mzima kweli, ukitaka kunywa utakunywa, mimi nani nikukataze, mimi niliyekulea kwa lutuku. Ila mpaka siku hiyo ukatae, na ukikataa usitafute sababu. Usiseme tumbo linauma, usiseme dini. Sema hapana, kisha endelea kukaa palepale, kula, cheka nao. Wewe unajua kukaa. Nilikuona siku ile.

Na ukiona pale karakana kuna mdogo kuliko wewe, muulize anakwenda wapi, halafu ungoje ajibu. Mimi nilijifunza kungoja nikiwa nimechelewa. Wewe anza mapema.

Baba yako ameamka, namsikia anatafuta kofia yake. Atakuaga kwa kukupa mkono tu, usimhukumu kwa hilo. Amekuwekea kisu chake cha kazi chini ya nguo, na amenikataza kukwambia.

Jambo la mwisho nimelificha tangu Jumatatu, kwa sababu ningekwambia usingekubali kupanda lori; ndiyo maana barua hii dereva atakupa ukishavuka mpaka. Kesho likiondoka, sitarudi nyumbani. Mama Kabwe atakuwa ananingoja kwenye barabara ya lami na wale wengine, hata Mama Mwape, hata Baba Kabwe ambaye amekataa kunywa tangu jana ili aongee sawasawa. Yule mwuguzi mwenye miwani nilimwendea, amesema atakuja na koti lake jeupe, labda litasaidia. Tunakwenda kambini kwa askari kumdai mtoto wetu Kabwe. Tutasema umri wake mbele ya mkubwa yeyote tutakayemkuta, na tutausema tena mpaka aandike. Tumebeba mikeka na chakula. Wakitufukuza asubuhi tutakaa ng'ambo ya barabara, wakitufukuza jioni tutarudi keshokutwa. Mimi nimekwishaona risasi inatoboa nini. Imetoboa pipa.

Wewe shika njia yako, mwanangu, na usiniogopee. Sema ni nani mtaa huu amewahi kunitoa mahali nilipokaa.

Bwalya, mama yenu wawili